Alama Themanini za Usingizi

Isidori aliamini kwamba kila shida ya binadamu ina kifaa chake, na kama kifaa hicho hakipo dukani kwake basi kiko melini kinakuja. Kwa hiyo mama yake alipoacha kulala, hakupoteza muda kumuuliza anawaza nini. Alishuka dukani akapandisha boksi.

Mama mwenyewe ni Euphrasia, mjane wa miaka sabini na minne, mtu wa Kibosho kule mlimani. Aliletwa Dar es Salaam mwezi wa tatu kutolewa mtoto wa jicho. Wiki mbili tu, Mama, mwanawe alimwambia, halafu unarudi kwenye migomba yako. Akafunga begi moja dogo. Ng'ombe akamwachia Onesphory, mpwa wa marehemu mumewe, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya mfereji. Jicho likapona vizuri, akawa anatunga uzi kwenye sindano bila kuomba msaada. Wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukawa miezi, na sasa Novemba inaingia na yeye bado yuko ghorofa ya nne, Mtaa wa Narung'ombe, katikati ya Kariakoo, anahesabu matangi ya maji juu ya mapaa ya watu.

"Isidori, narudi lini?"

"Mama, na presha hiyo? Daktari kasema ulale kwanza. Ukilala, presha inashuka. Ikishuka, nakurudisha."

Haya, sasa lala Kariakoo tukuone! Mchana kuna spika za maduka, kila moja na mtu wake ndani aliyerekodiwa akitaja bei tangu asubuhi bila kumeza mate. Usiku ukiingia unadhani watapumzika. Ndipo malori yanapokuja kushusha mizigo, makuli wanapigiana kelele, turubai linaburuzwa, jenereta la jengo la pili linakohoa. Na joto lake sasa! Euphrasia alizoea kulala na blanketi mbili na ukimya wa kijijini. Hapa alilala na khanga moja akiitoa na kuirudisha. Saa nane usiku yuko macho, saa tisa yuko macho, alfajiri adhana inamkuta ameketi kitandani na rozari mkononi. Adhana wala haikumkera. Alisema huyo angalau anaita watu kwa jambo la maana.

Basi Isidori akafunga kiyoyozi. Akaweka pazia zito lisilopitisha hata cheche ya taa. Akaleta spika ndogo nyeupe, mviringo, ambayo kazi yake ni kutoa sauti za kumlaza mtu: mvua, feni, mawimbi. Na mwisho akamvalisha mamake saa nyeusi ya mkononi inayopima usingizi. Asubuhi anapita chumbani kabla ya kushuka dukani, anaunganisha saa na simu yake, anasoma alama. Mia ndiyo mwisho.

"Hamsini na nne, Mama. Umelala saa tano na dakika kumi."

"Muongo huyo. Nimesikia lori la saa nane, nikasikia la saa tisa, nikakusikia na wewe ulivyokwenda chooni ukagonga ndoo."

"Mama, saa haidanganyi."

"Shule niliishia darasa la nne," alisema Euphrasia. "Leo nimerudishwa shule, napewa maksi za kulala."

Fortunata, mke wa Isidori, alicheka kidogo akiwa mlangoni, kisha akaacha ghafla, akaenda jikoni. Siku hizi Fortunata alikuwa na tabia hiyo ya kuacha cheko katikati. Mama mkwe alidhani labda mwanamke ana mimba.

Neno lenyewe lililoleta kisanga lilitamkwa Jumamosi, siku jumuiya ya kanisa iliposali nyumbani kwao. Sebule ilijaa Wakibosho, Warombo na Wamachame wa maduka ya jirani, wamebanana kwenye makochi na viti vya plastiki. Baada ya sala, chai ikiwa inazunguka, mama mmoja akauliza kwa nia njema kabisa: "Mama Isidori, Desemba tunapanda wote?" Maana Mchaga wa Kariakoo, hata kama mwaka mzima hana muda wa kula, Desemba anafunga duka anapanda kwao.

Isidori alikuwa mtu wa kupenda kuonekana mbele za watu. Akasimama na kikombe chake. "Mama akifikisha alama themanini wiki nzima mfululizo," akasema, "namrudisha nyumbani mwenyewe, kwa gari langu, kabla ya Krismasi."

Watu wakapiga makofi. Euphrasia hakupiga. Alizunguka na jicho lake jipya, akawaangalia mmoja mmoja. "Mmesikia nyote?"

"Tumesikia, Mama!"

"Haya. Mashahidi ni ninyi."

Tangu siku hiyo akaanza kuutafuta usingizi kwa bidii, na wewe unajua usingizi ukiutafuta unavyofanya. Aliacha chai ya jioni. Aliloweka miguu kwenye maji ya vuguvugu. Alilala chali, mikono kifuani, akasikiliza mawimbi ya ile spika mpaka akachoka. Asubuhi, hamsini na nane.

"Isidori, baba, hii bahari yako inanisumbua. Nasikia kama mtu kaacha bomba wazi. Nashindwa kulala nawaza bili ya maji."

"Unataka sauti gani, Mama?"

Hakufikiri hata kidogo. "Ya kwangu. Mfereji ule wa nyuma ya jiko. Majani ya migomba yakikwaruza bati."

Isidori aligeuzageuza simu mkononi. Halafu akachangamka, akapiga simu hapo hapo. "Onesphory! Sikiliza bwana, leo usiku weka simu yako nyuma ya jiko la Mama, pale mferejini, irekodi usiku kucha. Ndiyo, usiku kucha. Halafu nitumie yote kama ilivyo." Onesphory ni mtu wa kutii, ukimwambia usiku kucha, kwake ni usiku kucha. Ikaja rekodi ya saa kumi na ushee. Isidori akaionja mwanzo, akasikia maji na vyura, akaridhika. Nani ana muda wa kusikiliza saa kumi za vyura na mzigo uko bandarini? Akaipakia kwenye spika, akaitegesha izime yenyewe kila saa tisa usiku ili isiharibu betri.

Usiku wa kwanza Euphrasia alilia. Maji yalikuwa yale yale, yanapiga lile jiwe la kufulia halafu yanageuka. Aliyajua kama unavyojua hatua za mtu wako anapoingia. Alijiona yuko kwake, kwenye kihamba, lile shamba la ukoo ambalo nyumba ipo humo, migomba humo, na wafu humo humo. Mumewe amelala hapo nyuma ya zizi, kaburi lake limezungukwa na masale, ile mimea ya majani marefu ya mipakani, aliyoyapanda yeye kwa mkono wake. Na nafasi yake Euphrasia ipo pembeni, ubavu wa kushoto. Alikuwa akiipalilia mwenyewe. Hicho ndicho alichokuwa anakihofia usiku kucha, kama Isidori angemuuliza: asije akafia ghorofa ya nne, akashushwa kwa lifti.

Asubuhi, sitini na moja.

*

Mlango unaotazamana na wao alikaa Bi Kijakazi, mwanamke wa Kizaramo, rika lake, naye mjane. Kiwanja lilipojengwa ghorofa hilo kilikuwa cha kwao Bi Kijakazi. Palikuwa na nyumba ya vyumba sita, uani mwembe na kisima, na yeye alizaliwa chumba cha pili kulia. Mwenye fedha alipokuja kubomoa nyumba na kujenga ghorofa, Bi Kijakazi alidai jambo moja: apewe nyumba humo humo, haendi Mbagala wala Chanika. Akapewa. Na alikuwa analala, jamani! Swala ya isha ikiisha, dakika kumi nyingi, mtu keshakwenda. Waliwahi kuingia wezi korido nzima ikapiga mayowe. Yeye aliulizia habari asubuhi.

"Mimi nalala juu ya kwetu," alimwambia Euphrasia. "Wewe unalala juu ya kwetu pia. Ndiyo maana hulali."

Walikuwa wanakutana alasiri kwenye korido, kila mtu na kigoda chake, kuchambua mboga na kutaniana.

"Ninyi Wachaga mmezidi," Bi Kijakazi alisema siku hiyo. "Hata usingizi mnaupimia mizani."

"Cheka tu. Mwenzio nimebakiwa na wiki nne."

"Na huyo mwanao kwa nini hakupeleki tu? Kwani usingizi ndiyo nauli?"

Euphrasia akageuza maneno. Akamsimulia habari ya isale, kwa sababu alikuwa akiyafikiria yale ya kaburini. Kwamba kwao, aliyekukosea akikujia ameshika jani la isale, hata kama kakuibia ng'ombe, hata kama kakuulia mtu, hukatai. Unalipokea, yameisha. Baba yake Onesphory aliwahi kusogeza mpaka usiku, hatua tatu nzima, watu wakashikiana mapanga. Kesho yake akaja na isale. Mume wa Euphrasia alikuwa bado na hasira, lakini akalipokea.

"Jani tu?"

"Jani tu. Lakini jani la wapi sasa! Linatoka kwenu, kwenye mpaka wenu, kwenye makaburi yenu. Wafu ndio wanaokuombea."

Bi Kijakazi akatikisa kichwa, akachambua matembele yake. Baadaye kidogo macho yake yakaiangalia ile saa nyeusi mkononi mwa mwenzake, akaanza kutabasamu taratibu, tabasamu la mtu mwenye lake.

"Shoga," akasema, "hilo lidude linajua nani kalivaa?"

Euphrasia alimwangalia. Halafu akaangalia saa. Halafu, mama wa watu, mwenyekiti mstaafu wa Wawata, umoja wa wanawake Wakatoliki wa parokia, asiyewahi kusema uongo wa maana tangu apate kipaimara, akajibu: "Sidhani."

Wakacheka mpaka matembele yakamwagika.

Usiku ule saa ilivuka korido. Bi Kijakazi akaivaa, akaswali isha, akalala kifo chake. Alfajiri baada ya swala akagonga mlango kidogo, akaipitisha kama mtu anayepitisha ugoro. Isidori alipokuja kusoma, akasogeza simu karibu na uso.

"Themanini na tisa!"

"Ee. Nimelala," Euphrasia alisema, akiangalia pembeni.

"Ila umeamka saa kumi na moja kasoro."

"Nasali."

Tisini na moja. Themanini na sita. Tisini. Kila asubuhi Euphrasia, ambaye hakuwa amefumba jicho, alivikwa sifa. Siku ya tano alishona kitufe cha koti lake la safari. Siku ya sita alimwagiza Fortunata kilo mbili za sukari na vitenge viwili vya kumpelekea mke wa Onesphory. Fortunata aliandika kwenye simu yake bila kuinua uso, kisha akakimbilia jikoni kama mara ile. Euphrasia alimwona, akasema moyoni kweli huyu ana mimba, nitamwombea nikifika.

Siku ya saba, themanini na nane. Euphrasia alikuwa amekaa kitandani, begi miguuni.

"Wiki imetimia," alisema. "Tunaondoka lini?"

Ungemwona Isidori! Ile simu aliiangalia kana kwamba imemtukana. Aligeuka dirishani, akavuta pazia, akalirudisha.

"Mama, unajua... saa ikiwa mpya inahitaji kukuzoea kwanza. Wiki moja haitoshi kitaalamu. Tufanye mwezi. Mwezi mzima, Mama, halafu tutaona."

"Ulisema wiki. Mbele ya jumuiya."

"Najua nilisema."

"Ulisimama na kikombe mkononi, Isidori."

"Mama, nina mteja ananisubiri chini."

Akaondoka, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, anashuka ngazi mbio na lifti ipo. Euphrasia alibaki na begi lake. Alikasirika mpaka masikio yakavuma. Uongo wake mwenyewe aliusahau kabisa. Alichokumbuka ni ahadi. Mchana alimweleza Bi Kijakazi, na Bi Kijakazi safari hii hakutania.

"Mwenzangu, mtu anayeahirisha namna hiyo hana tatizo na saa. Huyo mwanao ana neno."

*

Usiku ule Euphrasia hakutaka kusikiliza chochote. Halafu akabadili nia, kwa sababu nyumbani ndiko kulikobaki kwenye kale kaspika. Akakawasha saa tatu. Saa tisa, kama kawaida, kakajizima. Lakini hasira haina subira. Alikashika, akabonyeza kila kitufe kilichokuwepo, na kwa bahati, au tuseme kwa bahati mbaya, kakaendelea pale pale kalipoishia.

Hakuwahi kufika huko. Alisikia vyura wakipungua. Alisikia upepo wa alfajiri ukiitikisa migomba, lakini mbali, upande wa Onesphory tu. Upande wake hapakuwa na jani linalojibu. Akainua kichwa. Hakusikia bati likikwaruzwa. Kengele ya parokia ikalia, jogoo akajibu, na Euphrasia akajisemea labda upepo ulikuwa wa upande mmoja. Dirishani kwake Kariakoo nako kulikuwa kunapambazuka.

Ndipo lori lilipoingia. Kwanza alidhani ni la mtaani, akasogea dirishani. Mtaa ulikuwa mtupu. Lori lilikuwa ndani ya spika. Likasimama, watu wakaruka chini, mabeleshi yakagonga mawe. Mashine ya kuchanganya zege ikawashwa. Mtu akapaza sauti kwa Kichaga cha kwao, Kibosho safi:

"Hapo walipomtoa mzee mmeshashindilia? Bosi hataki gari lititie!"

"Tumeshashindilia. Yale masale tumechoma jana."

Halafu hatua za mtu anayekimbia kwenye kokoto, na sauti ya Onesphory, karibu kabisa, imejaa hofu: "Yesu wangu, simu!" Ikaishia hapo.

Euphrasia hakulia. Alikaa na kale kaspika mapajani. Baada ya muda akakarudisha nyuma, akasikiliza tena, kwa sababu mtu hakubali kwa mara moja jambo kama hilo. Hapo walipomtoa mzee. Mara ya tatu hakuhitaji.

Isidori alipoingia na simu yake kusoma alama, Fortunata alikuwa nyuma yake na kikombe cha uji.

"Shikamoo, Mama."

Hakumwitikia. Tangu amzae hajawahi kumnyima marahaba.

"Baba yako yuko wapi?" alimuuliza.

"Mama?"

"Baba yako. Nilimwacha nyuma ya zizi. Nakuuliza yuko wapi."

Isidori alifungua mdomo, na kwa jinsi alivyozoea maneno ya biashara ungedhani angejinasua. Fortunata akaweka uji mezani. "Mwambie," alisema. "Mwambie, Isidori, mimi nimechoka kulibeba. Namwangalia mama wa watu anafunga begi!"

Ndipo akasema, ameangalia sakafu. Kwamba mwezi wa nne biashara iliyumba. Kwamba alikuja mtu anatafuta mahali pa kujenga nyumba ya wageni, wazungu wanaopanda mlima, na mahali penye mfereji ndipo alipopapenda. Kwamba hati ilikuwa kwa jina lake, mtoto wa kiume pekee. Kwamba Baba alihamishiwa makaburi ya parokia kwa heshima zote, sanduku jipya, padri alikuwepo, misa ilisomwa, Onesphory alishika msalaba.

"Na nitakujengea, Mama. Goba, hapa hapa Dar, nyumba nzuri, maji mpaka ndani. Nilikuwa natafuta tu siku ya kukwambia."

"Padri alikuwepo," Euphrasia alirudia. "Onesphory alikuwepo. Mimi mke wake nilikuwa wapi?"

Isidori akamtazama Fortunata.

"Nilikuwa hapa," alisema. "Napimwa usingizi."

Akaivua ile saa, akaiweka juu ya meza kando ya uji. Kisha akawaambia watoke, na wakatoka.

Siku tatu hakusema na mtu yeyote wa nyumba ile. Alikula kwa Bi Kijakazi. Bi Kijakazi hakumpa maneno mengi ya kumfariji, maana yeye alikuwa anajua hakuna. Alimpa wali na samaki, akamwachia nafasi kwenye mkeka. Euphrasia alisema jambo moja tu usiku wa pili: "Nawe ulipobomolewa ulikuwepo?" Bi Kijakazi akajibu: "Nilikuwepo. Nilisimama ng'ambo ya barabara mpaka tofali la mwisho." Na Euphrasia akamwonea wivu, wivu wa kweli, kwa jambo kama hilo.

Siku ya nne, jioni, Isidori alirudi mapema. Alivaa shati jeupe. Mkononi alibeba mmea kwenye kopo la plastiki jeusi, majani marefu yaliyochongoka, mabichi, yamepulizwa maji yanang'aa. Isale. Akapiga magoti sebuleni, kweli, na tumbo lake lile, akakata jani moja, akalinyoosha kwa mikono miwili.

"Mama, nimekosa. Nisamehe."

Fortunata aliziba mdomo. Alijua anachokiona, kwao Rombo nako ni hivyo hivyo. Isale halikataliwi. Mwanamke mwenye umri kama ule, aliyelelewa vile, mkono wake ulianza kunyanyuka wenyewe kabla hajaamua. Ukafika katikati, ukasimama.

"Hili limeota wapi?"

Isidori alitazama kopo. "Kwa wauza maua, Mama. Barabarani."

"Na yale ya kwa baba yako?"

Isidori akalishusha jani kidogo.

"Yamechomwa," Euphrasia alisema. "Nimewasikia wanasema. Basi hili wapelekee wauza maua, wakusamehe wao."

"Mama! Isale halikataliwi!"

"Sijalikataa." Sauti yake ilikuwa imetulia, na hiyo ndiyo iliyomtisha Fortunata. Mzee aliinuka, akaingia chumbani kwake, akarudi na ile saa nyeusi. Akainama mbele ya mwanawe aliyepiga magoti, akamfunga mkononi, akatafuta tundu la mkanda linalomtosha, taratibu, kama alivyokuwa akimfunga vifungo vya shati la shule.

"Hili jani lipande hapo kwenye kopo lake. Siku utakayopata alama themanini wiki nzima mfululizo, uje nalo. Nitalipokea."

Isidori alimwangalia akidhani anatania.

"Na usijisumbue kuvuka korido," mama yake aliongeza. "Ile wiki ya tisini na moja alilala Bi Kijakazi. Nimeshaongea naye, kasema wewe hakuvalii."

Desemba ikafika. Maduka ya Narung'ombe yakaanza kufungwa moja moja, magari yakapakiwa mchele, soda na magodoro, jumuiya nzima ikapanda kaskazini. Walipopita kumuaga na kumuuliza vipi, Mama Isidori, mbona ahadi yako, alisema mwanawe atawaeleza. Mwanawe hakueleza. Onesphory alipiga simu akilia, akamwomba aje akae kwake. Akamwambia hapana, baba, asante, sitakwenda kukaa ng'ambo ya mfereji wangu nikichungulia kama mgeni.

Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kulala kidogo. Alijua kwa nini, na kujua kwenyewe kulimuuma: alichokuwa anakisubiri macho wazi hakikuwepo tena.

Asubuhi ya mkesha wa Krismasi alikuwa mezani, anamimina chai. Isidori akatoka chumbani. Macho mekundu, ndevu hazijanyolewa, kiyoyozi chake kipya na spika yake ya mvua vimeunguruma usiku kucha. Kopo la isale lilikuwa dirishani, Fortunata alikuwa akilimwagilia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Imekupa ngapi leo?"

Alitazama simu kwa muda mrefu, kana kwamba tarakimu zingemhurumia. "Thelathini na tisa."

"Labda haijakuzoea," Euphrasia alisema, akamsogezea kikombe. "Kunywa chai, inapoa."